Vikombe Vinne vya Uji

Nelima alikuwa na watoto wanne, lakini siku aliyoulizwa alisema watatu.

Si kwamba ni mwongo. Kibomet yote, huku Kitale, inajua Nelima akikuuzia sukuma ya jana atakuambia mwenyewe kwamba ni ya jana. Alisema watatu kwa sababu mbili. Ya kwanza angeweza kukuambia hata sokoni. Ya pili hakuwahi kumwambia mtu, hata mume wake. Mama unayesoma hii, usimcheke upesi. Ngoja tufike mbele kidogo.

Aliyeuliza alikuwa Nyaruai, mhudumu wa afya ya jamii, mama wa makamo ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri zamani, na sasa hakuna boma la Kibomet asilojua mlango wake. Alifika asubuhi na mkoba wake na ile simu ya kazi, akamkuta Nelima akimimina uji.

"Habari ya asubuhi, Mama Nekoye. Leo sijakuja kuuliza maneno ya choo, usiogope. Leo tunaandika watoto. Uko na wangapi?"

Nelima akaendelea kumimina. Kwao Malakisi, upande wa Bungoma, mtu hahesabu watoto wake kwa mdomo. Utahesabu mbuzi, utahesabu magunia, lakini mtoto ukimtaja kwa namba ni kama unamwonyesha kwa kidole mbele ya kitu ambacho bado hakijamwona. Hivyo ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha, na yeye alifundishwa na mama mkwe wake.

"Ni hao tu Mungu amenipa," alisema.

"Mungu anajua, lakini hii simu haijui. Hii inataka namba."

"Basi watatu."

"Kuna mwenye ugonjwa wa kudumu? Pumu, kifafa, seli mundu?"

"Hakuna."

Nyaruai aliangalia meza kwa muda kidogo, akabonyeza simu, akashukuru, akaenda zake. Nyuma ya pazia la chumba cha kulala, Jentrix wa miaka tisa alikuwa amekaa kitandani na sweta mbili, mkono mdomoni, kwa sababu alikuwa ameambiwa asikohoe.

Jentrix alikuwa na seli mundu. Damu ya mtoto kama huyo haipiti vizuri mishipani. Chembe zake zinajikunja kama mundu wa kukatia nyasi, zinakwama, na zikikwama mifupa inauma mpaka mtoto mkubwa analia kama mtoto mchanga. Baridi inauamsha ugonjwa, na Kitale mvua ikishika hakuna kitu inachojua isipokuwa baridi. Lazima mtoto anywe maji kutwa nzima. Na kuna vidonge anavyokula kila siku, ambavyo tangu avianze alikuwa amepunguza kulazwa kutoka mara sita kwa mwaka hadi mara moja. Vidonge hivyo ndivyo vilivyokuwa uhai wake.

Sasa sababu ya pili. Walipokuwa wakiishi karibu na Kipsongo, mtaa mwingine wa Kitale, jirani mmoja alisikia jina la ugonjwa, na kufikia Jumapili watoto wa ploti nzima ya wapangaji walikuwa wamekatazwa kucheza na Jentrix. Wakubwa nao walianza kumwangalia Nekoye, kifungua mimba, msichana wa sekondari, kama vile wanasema huyo naye atazaa nini. Nelima alihama, na akaapa kwamba Kibomet hawatajua. Kwa hiyo alipomwambia Nyaruai watatu, alijiambia ni mila. Ilikuwa mila, ndiyo, lakini chini ya mila kulikuwa na aibu.

Dawa alikuwa akiichukua mbali. Kwa miaka mitatu, kila baada ya miezi miwili, alimpeleka Jentrix Malakisi kwa nyanya yake Nabwile, yule mama mkwe, ambaye watoto wanamwita kukhu, na kutoka hapo wanaenda kliniki moja ya upande ule. Kwa rejista ya huko Jentrix aliandikwa kama mtoto wa hapo, anayeishi kwa nyanya yake. Hakuna aliyeuliza. Mpaka Aprili ya mwaka huo.

Nesi wa siku hiyo alikuwa mama mnene wa sauti ya chini. Aliangalia kadi, akamwangalia Jentrix, akafunga mlango.

"Keti, mama. Huyu mtoto analala wapi?"

"Kwa kukhu yake, hapa tu juu."

"Nakuuliza tena na sitakushtaki. Hii jua ya Malakisi yote, na mtoto amevaa sweta mbili. Huyu ni wa Kitale."

Nelima akacheka, na kabla kicheko hakijaisha machozi yakaja.

"Sikufukuzi," nesi alisema. "Lakini elewa kitu. Dawa haishuki tu. Sisi tunaandika watoto, kaunti inaweka kwa bajeti, dawa inakuja ya hao walioandikwa. Mwaka juzi nilikuwa na watoto ishirini. Watu wakasikia hapa kuna dawa. Sasa wanatoka kila upande, wengine wanavuka kutoka Uganda, wako karibu sitini, na bajeti ni ile ya ishirini. Nikimpa wako, kuna wa hapa anakosa. Nikimnyima, nitakula chakula changu aje?"

Akavuta droo, akahesabu vidonge vya wiki tatu, akavitia kwenye bahasha.

"Hivi ni vya mwisho nakupa. Enda umwandikishe kwenu. Mei kuna mkutano wa bajeti ya kaunti yenu. Ukikosa Mei, mwaka mpya wa serikali unaanza Julai bila mtoto wako, na utangoja mwaka mzima."

Kuna watu ambao wangemfokea nesi. Mpaka leo Nelima akiombea chakula, humtaja nesi huyo kabla ya jamaa zake wengi.

Kesho yake alikuwa kwenye dispensari ya karibu na nyumbani, ambako alikuwa hajawahi kumpeleka Jentrix hata siku moja. Daktari wa hapo anaitwa Gathogo, kijana mwembamba anayependa kuzungusha kalamu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua rejista.

"Wadi yetu nzima, mitaa yote hii, niko na watoto sita wa seli mundu," alisema. "Kwa sababu ya sita, dawa haiwekwi hapa. Wanaambiwa waende hospitali kubwa mjini, na huko foleni unaijua."

"Sita? Daktari, mimi peke yangu nimewaona zaidi ya sita kule Bungoma, wote wa hapa Kitale. Tunajifanya hatujuani."

"Na mimi nawaona pia, mama, wakiletwa wamezidiwa. Lakini nikiuliza jina la ugonjwa wananiambia ni malaria." Kalamu ikazunguka. "Watu wanakuja hapa kunigombeza, ati dawa imeibiwa. Hii haijaibiwa. Haijaombwa."

Neno hilo Nelima alitembea nalo hadi kwa Nyaruai. Alimkuta uani akichambua maharagwe.

"Mama Beth, nimekuja kusema kitu."

"Sema wanne," Nyaruai akajibu, bila kuinua macho kutoka kwa ungo.

Nelima akaketi kando yake.

"Siku ile kulikuwa na vikombe vinne vya uji kwa meza. Na kingine cha maji, kikubwa, cha kijani. Mtu hamiminii watoto watatu vikombe vinne."

"Na bado ukaandika watatu?"

"Naandika yenye mama amesema. Nikianza kuandika vikombe si nitafutwa kazi." Akasukuma ungo pembeni. Kisha akaita kuelekea nyumbani, "Nyaruai, kuja usalimie mgeni."

Akatoka msichana mdogo, miaka saba hivi, chupa ya maji imening'inia shingoni kwa kamba. Macho yake yalikuwa na umanjano ambao Nelima anaujua hata kwa mbali. Alisalimia kwa adabu, akarudi ndani.

"Huyo ni wa Beth wangu. Amepewa jina langu. Kwa simu yangu mwenyewe, mama, nimemwandika kwamba ni mzima."

"Kwa nini?"

"Wewe una sababu ya mila, na una ya pili. Mimi ni kwa hiyo yako ya pili."

"Sikukuambia sababu ya pili."

"Hukuniambia."

Mhudumu mzima wa afya, anayezunguka nyumba za watu akiuliza wagonjwa, alikuwa amelificha jina lake mwenyewe. Halafu ni nani aliyeanza kucheka hawajui, lakini walicheka mpaka maharagwe yakamwagika.

Mkutano wa bajeti ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu. Vidonge vya Jentrix vilikuwa vya siku ishirini. Nyaruai alisema wanaweza kuzunguka tena nyumba kwa nyumba kuandika watoto, lakini wakiuliza yale maswali ya kwanza watapata yale majibu ya kwanza. Kwao pia, alisema, mama yake aliulizwa watoto akasema "kundi," na karani wa zamani akaandika hivyo hivyo, kundi.

Nelima ndiye aliyesema, "Si uliona vikombe? Basi tuulize vikombe."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Walipiga hodi Kibomet na wakashuka mpaka Kipsongo, na hakuna mama waliyemuuliza ana watoto wangapi. Walimuuliza asubuhi anamimina vikombe vingapi vya uji. Ungeshangaa jinsi midomo ilivyofunguka. Mama aliyekuwa amesema wawili kwa simu alisema vitano bila kufikiri. Mwingine, Jentrix pia jina lake, muuza mitumba, alihesabu kwa vidole.

"Saba. Na cha baba yao cha nane, lakini huyo msimwandike. Huyo ni mzigo wa serikali kuu."

Kisha swali la pili, na hili lilitolewa kwa sauti ya chini: kuna kikombe cha maji ambacho hakikauki? Mmoja aliwafungia mlango. Wengine waliangalia kushoto na kulia, halafu wakasema ingieni ndani. Nelima alikuwa na karatasi, na jina la kwanza kabisa juu yake lilikuwa Jentrix wake, kwa mwandiko wake mwenyewe wa darasa la saba, ili kila mama alione kabla ya kuombwa lake. Nyaruai mdogo alikuwa wa pili. Kufikia siku ya kumi na mbili karatasi ilikuwa na watoto thelathini na mmoja.

Katikati ya siku hizo mvua ilinyesha mchana kutwa na baridi ikaingia mifupani mwa Jentrix. Alilia miguu toka saa nne. Gathogo alimwekea maji ya mshipa pale dispensari na dawa ya maumivu, na Nelima akakaa akimkanda, akijiuliza akikosa vidonge itakuwa hivi mara ngapi. Usiombe umwone mtoto wako akikuangalia kama kwamba wewe ndiye umekataa kumsaidia. Nelima alijua kwamba kwa sehemu ni kweli.

Mkutano ulifanyika Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Hesbon, msimamizi wa wadi, alikuwa mbele akigawa karatasi, na kando yake afisa wa bajeti kutoka kaunti, bwana Kimotho, mwenye miwani na sauti iliyokauka kwa mikutano. Alisoma mambo ya maji, ya masoko, ya chekechea. Akafika kwa daraja la mto, na hapo nusu saa ikaisha. Mzee mmoja alisema mara tatu kwamba bila daraja hata mgonjwa hafiki hospitali, na hakuwa amekosea. Kisha Kimotho akasoma afya, kwa mwendo wa kufunga: "Seli mundu, wadi hii, watoto sita, wataendelea kuhudumiwa hospitali kuu."

Nelima akainua mkono. Akapewa kipaza sauti.

"Jina na kijiji, mama."

"Nelima, Kibomet. Niko na watoto wanne."

Alikuwa hajawahi kuitamka namba hiyo. Alingoja kidogo, kama mtu anayesikiliza kama paa litashuka. Paa likabaki pale pale.

"Wa tatu anaitwa Jentrix. Ako na seli mundu. Kwa hiyo karatasi yako hayuko, na si nyinyi mlimtoa. Ni mimi."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma. "Kwa hivyo serikali ilipie uongo wako, mama?"

Watu wakacheka. Nelima akageuka, akamtafuta kwa macho.

"Uongo ni wangu, bana, na nimeurudisha hapa mbele yako. Lakini mifupa ni ya mtoto."

Kicheko kikakatika. Nyaruai akasimama, akavua ile fulana ya kazi yenye nembo, akaikunja juu ya kiti. "Nimeitoa ili msiseme nimetumwa," alisema. "Mjukuu wangu pia hayuko hapo. Mimi ndiye niliyemwandika mzima, na mimi ndiye ninayeandika wenu." Muuza mitumba akasimama. Akasimama yule aliyewafungia mlango, ambaye mtoto wake hawakuwa wamemwandika, na mtoto huyo akawa wa thelathini na mbili. Wakafuata wengine. Walisimama tu ili wahesabiwe.

Kimotho alivua miwani. "Sitaahidi," alisema, na kwa kweli hapo ndipo Nelima alipoanza kumwamini. "Watu wa hii kaunti wanaongezeka kila mwaka. Foleni za hospitali zinaongezeka, shule zinajaa, maji hayatoshi, na pesa haiongezeki kwa mwendo huo. Yale mmeomba nikiyajumlisha ni mara tatu ya kile kiko. Kitu kilicho kwa karatasi naweza kukipigania, nishinde au nishindwe. Kisichokuwa kwa karatasi, nitasimama nacho wapi? Leteni hayo majina, mtie sahihi." Akamgeukia Gathogo aliyekuwa ameegemea ukuta. "Na wewe daktari, ukiwa na orodha hii unaweza kuomba mkopo wa dawa kutoka hospitali kuu hata kabla ya Julai. Sheria inaruhusu. Ulikosa orodha tu."

Jumatano iliyofuata Jentrix alikuwa amebakiza kidonge kimoja. Gathogo alikuja mwenyewe kwa pikipiki, koti limelowa, chupa ya vidonge ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Nelima alimkalisha, akammiminia uji. Alimwongezea sukari, na Gathogo ambaye hapendi sukari alikunywa yote.

Julai bajeti ikatoka. Dawa ya seli mundu iliwekwa kwenye dispensari, si ya mwaka mzima, ya miezi minane, na mingine wakaambiwa ingojee bajeti ya nyongeza. Daraja nalo lilipata nusu. Yule mzee akikutana na Nelima sokoni humsimamisha.

"Mama Vikombe, ulikula daraja langu."

"Si uje mwakani tusimame pamoja, mzee. Nitakusaidia kuhesabu wenye miguu iliyolowa."

Na husimama naye kweli. Mikutano ya daraja sasa Nelima hakosi.

Agosti alienda Malakisi kufanya jambo moja, kulitoa jina la Jentrix kwenye rejista ya huko ili kidonge chake kimfikie mtoto mwingine. Alimbebea nesi kuku. Nesi alikata jina kwa mstari mmoja wa kalamu, akasema wafanyakazi wa serikali hawachukui zawadi, kisha akamwangalia kuku.

"Lakini huyu hana kadi wala rejista," alisema. "Mpe mpishi. Tutamla wote, na wagonjwa."

Jioni hiyo jua likiwa bado juu, Nelima alikaa na Kukhu Nabwile kibandani, wakitunga majani ya tumbaku kwenye kamba. Alimweleza yote. Alimweleza hata ile siku aliyosema "wanne" kwa kipaza sauti, na akangoja kugombezwa.

Kukhu hakugombeza. Alitunga majani mengine mawili matatu.

"Mimi nilizaa tisa," alisema.

Nelima alisimamisha mikono. Miaka kumi na saba ameolewa nyumba hiyo, na alijua saba.

"Wawili walikuwa na hiyo ya Jentrix. Kulia mifupa, macho ya manjano. Tulisema ni kurogwa. Tulihama hata boma. Hakuna mahali waliandikwa, hakuna mtu aliuliza, na mimi sikusema." Akakaza fundo. "Huyo bwana wa miwani, anaandika wale waliokufa?"

"Hapana, kukhu. Wale walio hai tu, ndio wanapewa dawa."

"Ni vizuri. Awape hao walio hai, Mungu ambariki." Akamwangalia Jentrix aliyekuwa uani na kikombe chake cha kijani, akinywa na kucheka na binamu zake. "Lakini hao wangu andika wewe. Mahali popote, ili wenye kusoma wajue walikuwa."

Walikuwa Khaemba, miaka sita, na Nanjala, miaka minne. Wameandikwa.